Nilijifungia Nichore kwa Utulivu, Mkono Ukagoma

Juzi dada mmoja mchoraji aliniandikia: "Kaka, naswali, nafunga, najifungia chumbani nichore, lakini mkono hauendi. Nimekosea wapi?" Niliusoma ujumbe ule mara tatu. Mwaka 2019 ningeweza kuuandika mimi.

Mimi nimefunzwa Oysterbay, Dar es Salaam, maeneo ya Morogoro Stores, kazi ya Tingatinga, yaani mtindo wa uchoraji uliopewa jina la mwanzilishi wake. Mzee Edward Saidi Tingatinga aliianza mwaka 1968 kwa vipande vya mbao za dari na rangi za baiskeli, na wanafunzi wake wa kwanza wengi walikuwa jamaa zake. Alipouawa mwaka 1972, kwa risasi ya polisi iliyompata kimakosa, wao ndio waliishika kazi, na mwaka 1990 ushirika ukaundwa. Kazi hii tangu mwanzo ni ya benchi moja. Huyu anapaka mandhari, yule anachora twiga, mtoto wa mjomba anajaza majani. Rangi haijakauka, hugusi, unasubiri mpaka kesho, na katika kusubiri ndipo watu wanazungumza.

Sasa, mtu wa dini mtaani kwetu aliniambia mbele ya watu kwamba kuchora viumbe hai ni dhambi, na siku ya Kiyama nitaamrishwa niwatie roho ndege wote niliowachora. Niliumia. Mpaka leo nikipita pale kifua kinabana. Nikaliacha banda letu la kuchorea, nikapanga chumba Mbagala, nikasema nitachora maua na nakshi tupu, peke yangu, kwa utulivu wa ibada.

Miezi minane. Naswali alfajiri, nakaa mbele ya kitambaa hadi adhuhuri, tina ya kuyeyushia rangi inanuka chumba kizima, na ua ninalochora ni lilelile la jana.

Fundi wangu ndiye aliyekuja kunitafuta. Hakunihubiria. Alivua viatu, akachukua brashi, akaanza kujaza majani pembeni mwa kazi yangu huku akinisimulia msiba wa jirani yake. Jioni ile nilichora mpaka taa ikazimika. Suala la ndege nililipeleka kwa mwalimu wangu wa madrasa, akanijibu, moyo ukatulia, nikarudi bandani.

Mwezi huu nimeuza kibao cha sentimita 60 kwa 60, kundi la kanga wakinywa maji, kwa bei ambayo sijawahi kuipata. Nilipoianza nilikuwa na udhu, kama ninavyoanza kila kazi. Lakini wale kanga niliwapata kwenye simulizi ya mzee wa Tunduru aliyekaa benchi la pili.

Basi dada yangu, swala usiiache, inatuliza mkono. Ila usimwombe Mungu akupe picha huku umewafungia mlango watu aliowaweka karibu nawe. Kaa na watu. Nasema tena, kaa na watu! Jumatatu chukua brashi moja, nenda kwenye banda lolote la wachoraji lililo karibu, salimia, omba upewe kona ya kujaza majani.