Pedeli ya chini na gurudumu linalokamata: breki za nyuma za Hilux LN106

Ndugu uliyeuliza, kwa jinsi nilivyokuelewa, Hilux yako ni LN106, umebadilisha viatu vya breki vya nyuma (vile vipande vinavyosukumwa kusugua ngoma inayozunguka na gurudumu) mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na bado pedeli inakwenda chini sana kabla breki hazijashika. Hendibreki inavutika hadi mwisho bila kulizuia gari kwenye mteremko, na gurudumu la nyuma la kushoto linakamata ghafla hasa unapokuwa huna mzigo. Fundi wako sasa anakushauri ununue masta silinda, yaani pampu kuu inayosukuma mafuta ya breki unapokanyaga pedeli. Mimi nimekuwa na gari la aina hii kwa miaka mingi, nikipakia nyanya na vitunguu Ilula, Iringa, na kushuka navyo mteremko wa Kitonga, na breki zake nimezifungua kwa mikono yangu mwenyewe. Ninakuomba usitoe fedha ya masta silinda kabla hujafanya majaribio mawili ambayo hayana gharama yoyote.

La kwanza, washa injini, kanyaga pedeli kwa nguvu ya kawaida, kisha iache mguuni kwa muda wa dakika moja hivi. Ikizama polepole huku hakuna mafuta yanayovuja popote nje, hapo fundi wako ana hoja, kwa sababu mipira ya ndani ya masta silinda itakuwa inapitisha mafuta. Ikisimama palepale ilipofika, hata kama ni chini, masta silinda si mtuhumiwa wa kwanza. La pili, vuta hendibreki kiasi, si hadi mwisho, kisha kanyaga pedeli tena. Ikiwa pedeli sasa inashika juu zaidi kuliko mwanzo, tatizo lako ni nafasi iliyozidi kati ya viatu na ngoma za nyuma, maana hendibreki imevisogeza viatu karibu na ngoma na mafuta hayana tena kazi ya kuvisukuma umbali mrefu. Kwa maelezo uliyotoa, ninatarajia jaribio hili la pili ndilo litakalokupa jibu, ingawa hendibreki ikiwa imekwama kabisa huenda usione tofauti, na hapo itakubidi ufungue.

Sababu ya nafasi hiyo kuzidi, hata viatu vikiwa vipya, inatokana na jinsi gari hili lilivyoundwa. Ajasta ya breki za nyuma, yaani kifaa kinachopunguza nafasi kati ya viatu na ngoma, inajirekebisha kwa kuvutwa hendibreki, si kwa kukanyaga pedeli. Unapovuta ule mkono ulio chini ya dashibodi, waya unavuta kiwiko cha chuma kilichofungwa nyuma ya bekipleti (sahani ya chuma inayobeba viatu), kiwiko kinausogeza mkono wa ndani ya ngoma, na kama nafasi imezidi, kikucha kidogo kinalisogeza lile gurudumu dogo la meno la ajasta kwa jino moja. Sasa fikiria madereva wetu wengi wanavyoegesha: gia ya kwanza, jiwe nyuma ya tairi, na hendibreki haiguswi mwezi mzima. Lainingi, yaani tabaka la msuguano lililo juu ya viatu, zinalika, ajasta haisogei, pedeli inashuka kidogo kidogo, na mwenye gari anaamini kwamba viatu vimekwisha.

Kiwiko hicho ndicho ninachokisisitiza kuliko kitu kingine chochote katika jibu hili. Kiko nje, upande wa ndani wa gurudumu, mahali ambapo matope yote ya njia za mashambani hurushwa na tairi. Kinalindwa na mpira mdogo ambao kwenye magari mengi ya umri huu ulishapasuka. Maji yakiingia, pini yake inashika kutu na kiwiko hakizunguki tena. Ingia chini ya gari, mtu akuvutie hendibreki na kuiachia, nawe uangalie kwa macho: kiwiko kinapaswa kusogea na kurudi chenyewe hadi kigonge kituo chake. Kisiposogea, ajasta haitafanya kazi hata ukifunga viatu vipya kila mwezi. Kikisogea lakini kisirudi, hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa viatu vinabaki vikisugua ngoma muda wote gari likitembea, ngoma inachemka, na lainingi zinakwisha kabla ya wakati wake. Kubadilisha viatu mara mbili ndani ya mwaka mmoja kunanifanya nishuku jambo hili. Kifungue, toa pini, isugue kwa msasa mpaka ing'ae, paka grisi inayostahimili joto, na ufunge mpira mpya.

Ukifika kwenye ngoma yenyewe, weka kingama kwenye magurudumu ya mbele, achia hendibreki, na usiipige ngoma kwa nyundo kwenye ukingo wake. Ina matundu mawili yenye hesi usoni kwa ajili ya boliti za milimita 8. Ingiza boliti mbili na uzikaze kwa zamu, nayo itasukumwa itoke yenyewe. Ikigoma, ni kwamba ukingo uliojitokeza kwa kulika umekamata viatu, basi rudisha ajasta nyuma kupitia tundu lililozibwa kwa mpira kwenye bekipleti. Vumbi utakalolikuta usilipulize kwa upepo wa kompresa wala kwa mdomo, kwa sababu lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto na vumbi lake linaharibu mapafu bila dawa. Lilowanishe kwa maji ya sabuni kisha ulifute kwa kitambaa utakachokitupa.

Kabla hujagusa springi yoyote, tazama upande wa kushoto umelowa wapi na umelowa nini. Hapo ndipo utajua kwa nini gurudumu linakamata. Kinyume na wengi wanavyodhani, lainingi iliyolowa mafuta kidogo mara nyingi haitelezi, bali inanata na kukamata ghafla, na kwa kuwa kiatu cha mbele katika breki ya ngoma kinavutwa na mzunguko wa ngoma yenyewe, mkamato mdogo unageuka kuwa mkubwa mara moja. Inua ukingo wa mpira wa silinda ya gurudumu kwa ncha ya bisibisi. Unyevu mwembamba si kitu, lakini yakidondoka matone, silinda inavuja, nayo ibadilishwe pande zote mbili. Mafuta ya breki ni mepesi na yanababua rangi. Utaona mstari uliobabuka ukishuka kutoka kwenye silinda hadi chini ya bekipleti. Mafuta ya difu (gia za ekseli ya nyuma) ni mazito, yana harufu kali ya salfa, na yakichanganyika na vumbi yanakuwa uji mweusi uliotapakaa kuanzia katikati, inapotokea shafti.

Ikiwa ni ya difu, sili ya shafti, yaani mpira unaoyazuia mafuta ya difu yasitoke kando ya shafti, imekufa, ila usiishie kwenye sili. Juu ya nyumba ya difu kuna pumulio dogo linalotoa upepo unaotanuka difu linapopata joto. Likizibwa na matope, upepo hauna pa kutokea, unasukuma mafuta yapite kwenye sili, na sili mpya itavuja kama ile ya zamani. Nimewaona watu wakibadilisha sili upande mmoja mara kwa mara bila kuligusa pumulio, na inasikitisha kwa sababu kulisafisha ni kazi ya dakika chache. Angalia pia kama difu limejazwa kupita tundu lake, na utikise shafti juu na chini. Beringi iliyolegea inaichezesha shafti ndani ya sili, na hapo hakuna sili itakayodumu.

Lainingi iliyokwisha kulowa usiioshe kwa petroli wala kuichoma moto, kama inavyofanyika kwenye gereji nyingi. Mafuta yamekwisha kuingia ndani yake, na yatatoka tena ngoma ikipata joto, pengine katikati ya mteremko. Petroli hiyohiyo inavimbisha mipira ya silinda. Badilisha viatu vya magurudumu yote mawili kwa pamoja, la sivyo gari litavuta upande mmoja. Kama kukamata kunatokea mara moja mbili tu asubuhi baada ya mvua kisha kunakwisha, hiyo ni kutu nyepesi ya usiku kwenye ngoma na haihitaji matibabu.

Ngoma isome kabla ya kuipeleka kukerezwa. Kikomo cha upana wake wa ndani kimeandikwa kwenye chuma chenyewe; kwa ngoma ya milimita 295 iliyo kwenye Hilux nyingi za four-wheel, kikomo ni 297. Iliyopita hapo haifai, hata ukiambiwa bado nene.

Wakati wa kufunga, angalia ajasta isibadilishwe upande, kwa sababu hesi ya kushoto na ya kulia zinageuka kinyume, na iliyofungwa upande usio wake inajifungua badala ya kujikaza. Paka grisi kidogo kwenye vituo vya bekipleti ambako viatu vinasugua. Kisha fuata mpangilio huu bila kuugeuza: legeza waya wa hendibreki kabisa, kaza ajasta mpaka ngoma isizunguke, irudishe mpaka izunguke kwa kusugua kidogo sana, rekebisha kiwiko, na waya uwe wa mwisho. Wengi huanza na waya kwa sababu ndio rahisi kuufikia, lakini waya uliokazwa kupita kiasi unauzuia mkono wa ndani kurudi mahali pake, na ajasta haijirekebishi tena. Baada ya hapo vuta na kuachia hendibreki mara nyingi mpaka usisikie tena mlio wa jino la ajasta kutoka ndani ya ngoma.

Umetaja kwamba uliongeza bamba za springi nyuma ili gari libebe zaidi. Jambo hilo linahusika moja kwa moja na breki. Kwenye chesesi kuna vali inayogawa nguvu ya breki za nyuma kulingana na mzigo, nayo inaupima mzigo kwa fimbo iliyounganishwa na ekseli. Ukiinua gari kwa bamba, fimbo inaiambia vali kwamba gari ni tupu, hivyo breki za nyuma zinanyimwa nguvu hata ukiwa umejaza matenga hadi juu, na pedi za mbele zinabeba kazi yote. Fimbo irekebishwe ilingane na urefu mpya. Usikubali kuifunga vali kwa waya ili ibaki wazi daima, kwa sababu siku utakayokuwa mtupu kwenye lami yenye maji, magurudumu ya nyuma yatajifunga na gari litageuka ubavu.

Mwisho toa upepo kwenye mafuta ya breki ukianzia nyuma kushoto, ambako ni mbali zaidi na masta silinda, na kama vali ina nipo yake (skrubu ya kutolea upepo), nayo itolewe upepo. Tumia mafuta ya breki ya DOT 3 mapya kutoka kwenye kopo lililokuwa limefungwa. Yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi hivi, lakini yakishanyonya unyevu yanaweza kuchemka kwenye 140, na joto hilo mteremko mrefu unalifikisha bila shida ukishuka kwa gia kubwa na mguu juu ya breki.

Ukishafungua ngoma ya kushoto, tuandikie mafuta uliyoyakuta ni mepesi au mazito, na kama kiwiko kinarudi chenyewe. Ukiweka na picha ya bekipleti kabla hujaisafisha, itatusaidia zaidi.