Kamba ya mbwa inayojikunja yenyewe: usiidake kwa mkono

Umeuliza kama kamba ya mita 5 inayojikunja yenyewe inamfaa mbwa wa kilo 30 anayekurupuka. Barabarani hapana; ifunge kwa kitufe ibaki mita 1 na nusu, uiachie uwanjani tu. Soma kwanza uzito wa mbwa ulioandikwa kwenye kasha la kamba. Mvalishe mkanda wa kifuani, kwani akiwa na kola tu, akifika mwisho wa kamba kwa mbio, mshtuko wote huishia shingoni.

Kamba ikikimbia usiidake, tafadhali! Uzi ule mwembamba huchana kiganja, na ukizunguka kidole waweza kukikata kabisa. Bonyeza kitufe, msogelee mbwa, ukiachie kitufe ili kamba ijikunje, kisha bonyeza tena. Kila wiki ivute yote nje ukague nyuzi zilizochanika, hasa karibu na ndoano ya kumfungia mbwa.