Shangazi, Boksi Langu la Tanga Sijalifungua

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mtumishi wa serikali, nina miaka 34, mzaliwa wa Tanga, Ngamiani. Mwezi Mei nilihamishiwa Dodoma nikaja na mwanangu wa miaka sita. Baba yake anafanya kazi melini, haonekani ila mara chache. Nyumba nimepata nzuri, mtaa wa Kisasa, na kazi haina tabu. Lakini Shangazi, nimeshindwa kutulia. Jioni upepo ukianza na lile vumbi jekundu, nawaza saa hizi watu wako ufukweni Raskazone wanaoga. Asubuhi nawaza mbaazi za nazi na mandazi za mama mmoja wa mtaani kwetu, ambaye hakuwa ananiuliza nataka nini, ananipakulia tu. Hapa hata chai hainipandi, maji yana chumvi. Kuna boksi la vyombo vya jikoni sijalifungua mpaka leo, najiambia si nitaondoka. Ofisini wananiambia utazoea, utazoea. Juzi mwalimu alimwuliza mwanangu kwao wapi, akajibu, “Kisasa.” Usiku nililia. Miezi sita sasa. Niombe uhamisho nirudi, au mimi ndiye mwenye kasoro?
Mwana wa Tanga, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kasoro huna. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama pale kwenye boksi.

Mimi ni wa Lindi. Mwaka 1989 nilimfuata mume wangu Mwanza, tukapanga Kirumba, nina mimba ya miezi minne. Watu wakanifariji: si kuna ziwa, utajiona uko kwenu. Nikaenda kulitazama. Maji mengi kweli, lakini hayapwi wala hayajai. Asubuhi yako pale pale, jioni yako pale pale. Nilirudi na ukiwa kuliko niliotoka nao. Na kwenda kwetu hakukuwa kwepesi: treni mpaka Dar es Salaam, kisha basi la kusini, na masika yakiingia njia ya Rufiji inakatika. Tulikuwa tunavushwa kwa kivuko. Daraja limekuja kufunguliwa 2003. Baba yangu alipofariki, telegramu ilinifikia siku ya tano, hitma imeshasomwa. Kwa hiyo ninaposema najua unacholilia, sikubembelezi.

Mama alikuwa amenipa mbuzi ya kukunia nazi. Mwaka mzima ilikaa uvunguni, kama boksi lako. Siku moja jirani yangu, mama wa makamo, Msukuma, alikuja kuomba kaa la moto, akaiona. Akaivuta, akapitisha kidole taratibu kwenye yale meno ya chuma, akaniuliza, “Mwanangu, kigoda hiki kina ulimi, cha nini?” Nikajaribu kumweleza, maneno yakanishinda. Kesho yake nikazunguka sokoni mpaka nikapata nazi moja kavu, kwa bei ya kuumiza. Nikamwita. Nikaikalia mbuzi mbele yake, nikakuna, nikakamua kwa kifumbu tui la kwanza, nikaliweka pembeni, nikakamua la pili, nikapika sato. Alikula kimya, akamaliza, akanitazama. “Sasa nimekujua,” akasema. Yule mama ndiye aliyenishika mkono nilipojifungua.

Ndiyo maana nakwambia, kinachokuuma si mbaazi zenyewe. Nazi Dodoma zinafika, mbaazi zipo, ukitaka utapika kesho. Unachokosa ni kuwa mtu asiyeulizwa anataka nini. Ngamiani wanakujua wewe ni binti wa nani na unakula nini. Kisasa watakujuaje, ikiwa kila kitu chako kimo ndani ya boksi lililopigwa gundi? Lifungue leo hii, kabla ya kulala. Jumamosi pika za nazi, mpelekee jirani bakuli, na ukae naye anapokula, usimwachie mlangoni. Chai ipikie maji ya kununua, hilo lisikutese.

Uhamisho usiombe sasa. Kama mama yako ni mgonjwa au amebaki peke yake, hilo ni jingine, niandikie tena upesi. La sivyo, fikiri: umefika Mei, mvua imeshaondoka. Dodoma unayoijua wewe ni ya kiangazi peke yake, vumbi na mibuyu isiyo na jani. Mvua ya huko ni ya msimu mmoja, huanza kati ya Novemba na Desemba hadi Aprili. Subiri uione mibuyu ile ile ikichipua na vilima vikigeuka kijani kwa siku chache tu. Subiri zabibu za Februari na Machi. Ukishauona mwaka wake mzima na moyo bado unakataa, andika barua ya uhamisho bila kujilaumu.

Mtoto usimhesabie. Rafiki zake wako Kisasa, shule yake iko hapo, amejibu ukweli wake. Wangu wa kwanza alizaliwa Mwanza na alikuwa akiota anaongea Kisukuma. Na mpaka leo ni mtu mzima, akipata homa anataka uji wa nazi wa bibi yake wa Lindi. Tanga hataijua kwa kukuona unalia. Ataijua ukimpa aonje, aione.

Likizo ya Desemba mchukue. Pandeni treni ya SGR mpaka Morogoro, kisha mabasi, Chalinze, Segera. Muheza mnunulie machungwa ya barabarani, amenye mwenyewe. Mkifika Tanga, kabla ya Raskazone, mpeleke kwa yule mama wa mbaazi, umwambie, “Huyu ni wangu.” Na siku ya kurudi mchukulie jirani yako wa Kisasa nazi kumi kavu. Zitikise moja moja sikioni kabla ya kulipa, usikie maji.