Kabla hujakimbilia ua: kwa wanaoanza kutambua mimea ya miombo

Wadogo zangu, msimu huu tena naletewa picha ya ua la njano lililopigwa kutoka juu, jani halionekani, shina halionekani, halafu swali: "Mkuu, hii ni nini?" Jamani! Tusaidiane.

1. Jani linaanzia wapi? Hapa ndipo wengi mnapopotea. Mtu anachuma kijijani kimoja cha mninga, yaani kipande kimoja cha jani lililogawanyika, anafungua ufunguo (kitabu cha maswali ya kutambulia mimea), anajibu "jani halikugawanyika", na hatua inayofuata yuko kwenye familia nyingine kabisa. Fuata kikonyo kurudi nyuma mpaka uone tumba, kile kichipukizi kidogo. Tumba hukaa kwapani mwa jani, pale linapoungana na tawi. Kwapani mwa kijijani halimo. Hujaliona? Basi ulichoshika ni kipande cha jani, endelea kurudi hadi kwenye tawi. Ukilipata jani zima ndipo vijijani vinaanza kusema. Miti miwili ya miombo, Brachystegia spiciformis na Julbernardia globiflora, huota pamoja na kuwachanganya wengi. Kwa Brachystegia hiyo, jozi ya vijijani ya nchani ndiyo kubwa kuliko zote. Kwa Julbernardia, kubwa ni za katikati. Kijana mmoja niliyefuatana naye porini alivikata vijijani kimoja kimoja, akavibana kwenye magazeti kwa unadhifu wa kupigiwa mfano. Kutwa nzima! Hebaria, ile hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ingevifanyia nini? Jozi zote zilishavunjwa, hakuna wa kujua kipi kilikaa wapi. Iliniuma, maana kwa bidii hakuna mwenzake aliyemfikia.

2. Rangi ya ua iandike palepale. Likikauka, hupotea.

3. Vunja jani utazame utomvu, lakini usionje kitu. Gloriosa superba, yule mtambaazi mwenye ncha za majani zinazojisokota, anavutia kila mgeni, na ana kolichisini, sumu ya kuua mtu.

4. Majani mazima yanayokabiliana, na kati ya vikonyo viwili kuna kijigamba? Anza na Rubiaceae, familia ya mbuni. Lenzi iwe shingoni, si ndani ya begi.

5. Vernonia, jamaa wa alizeti: unachokiita ua ni kichwa chenye maua mengi. Pasua kwa wembe kabla ya kuhesabu chochote.

6. Baada ya moto, mimea mingi ya chini huchanua kabla ya kutoa majani. Chukua ua, funga utepe kwenye shina, andika namba, kisha rudi mvua zikishanyesha uchukue majani ya shina lilelile. La jirani yake, hata lifanane vipi, liache.