Gari linazima mchangani Raskazone: usinunue mota, anza na pinioni

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Una Slash, gari dogo la kuendeshwa kwa rimoti, inayosukumwa na matairi ya nyuma tu, umetoa mota ya brashi ukaweka isiyo na brashi ya 3500 kV (yaani mizunguko 3500 kwa dakika kwa kila volti), umefunga betri ya seli 3, kisha ukaipeleka kwenye mchanga wa Raskazone, hapa Tanga. Dakika ya nne inazima, ukingoja kidogo inawaka, na sasa unataka kuagiza mota kubwa zaidi. Nakuomba usiagize kwanza. Gari langu lilikuwa na ugonjwa huohuo mwaka juzi, na lilipona kwa pinioni moja, ile giya ndogo inayokaa kwenye shafti ya mota.

Piga hesabu. Kwa seli 2 una volti 7.4, ukizidisha kwa 3500 unapata mizunguko 25,900 kwa dakika. Kwa seli 3 ni volti 11.1, mizunguko 38,850. Umeongeza nusu nzima ya mwendo na giya hukuzigusa. Kwenye lami gari linateleza tu na mota inapumua. Mchangani tairi linazama, mota inalazimika kuvuta kwa nguvu huku inazunguka polepole, na umeme unaoingia unaishia kuwa joto badala ya mwendo. Kontrola, yaani kile kifaa kinachoipa mota umeme, ikiona joto limezidi inajizima kujiokoa. Ukiweka mota kubwa juu ya kontrola ileile, itadai umeme mwingi zaidi, na safari hiyo huenda isiwake tena.

Mimi nilikuwa na pinioni ya meno 23 na giya kubwa ya meno 86. Hapo mota inazunguka mara 3.74 ili giya kubwa izunguke mara moja. Nikashusha hadi meno 15, ikawa mara 5.73. Mwendo wa mwisho ulipungua, ndiyo, lakini mchangani ule mwendo sikuwa naufikia hata siku moja. Nilichopata ni gari linalochomoka kwenye kona na mota ninayoweza kuishika kwa mkono baada ya mzunguko mrefu.

Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza: simamisha gari baada ya dakika 3, shika mota. Ukishindwa kuweka kidole kwa sekunde 3, imeshapita nyuzi 60 hivi. Ili upate namba kamili, azima kipimajoto cha kulenga kwa fundi friji. Vile vya kupima homa vilivyojaa mjini wakati wa korona havifai, mwisho wake ni nyuzi 42 au karibu na hapo. Mimi nikiona 80 nazima na kwenda kivulini, kwa sababu sumaku za ndani zikishapikwa hazirudishi nguvu zake, na hapo ndipo utahitaji mota mpya kweli. Kuna mwenzetu amekushauri uongeze feni. Feni inasaidia kidogo, lakini kwa joto la Tanga la Februari inapuliza hewa ya moto juu ya kitu cha moto. Giya kwanza.

Ukibadilisha pinioni, usikaze kwa macho. Kata utepe mwembamba wa karatasi ya daftari, uingize katikati ya pinioni na giya kubwa, sukuma mota hadi zibane, kaza skrubu, halafu zungusha utepe utoke. Ukitoka umekunjika vizuri kama meno ya msumeno bila kuchanika, umepatia. Ukichanika, umebana mno na giya itasagika. Ukitoka umenyooka, kuna nafasi kubwa na meno yatanyolewa siku ya kwanza ukiruka. Fanya hivyo sehemu tatu za duara la giya kubwa, maana nyingine hazijanyooka sawasawa.

Sasa chumvi, ambayo hukuiuliza lakini itakula gari lako kabla ya joto. Mchanga wa pwani unaingia kwenye beringi pamoja na unyevu, na wiki moja tu gurudumu linaanza kulia. Nilipoteza seti nzima nikidhani ni mota inayopiga kelele. Siku hizi natumia beringi zenye kifuniko cha mpira, si cha bati. Nikitoka baharini napangusa gari lote kwa brashi kavu siku hiyohiyo, nachomoa beringi za magurudumu, naziosha kwa petroli, nazikausha, natia tone moja la mafuta ya cherehani. Tone moja tu, yakizidi yanakamata mchanga.

Kwenye shokapu nilifanya kosa nisilotaka ulirudie. Mafuta ya silikoni yaliniishia, nikaweka ya shokapu za bodaboda. Wiki mbili baadaye oringi, zile pete za mpira za kuzuia mafuta, zilikuwa zimevimba, fimbo ya shokapu inapanda na kukwama njiani, na gari linatua kama tofali. Oringi za aina ile haziyawezi mafuta yanayotokana na petroli. Subiri silikoni hata kama ni mwezi. Ukijaza, pandisha na kushusha pistoni polepole, iache imesimama dakika 10 viputo vipande juu, ndipo ufunge kifuniko.

Mikono ya plastiki inayoshika magurudumu iache. Najua ya alumini inang'aa, lakini plastiki ikigonga jiwe inapinda na kurudi, alumini inabaki imepinda au inahamishia pigo kwenye chasi.

Sisi huwa tunashindana kwenye kiwanja cha udongo upande wa Pongwe, njia tumeizungushia kamba za katani zilizopigwa vigingi, mbio za dakika 5. Mara ya kwanza nilipokuja na pinioni ya 15 nilipitwa na wote kwenye mnyoosho. Kufika dakika ya tatu, magari mawili yalikuwa pembeni yamezima. Kwenye tuta la kati niligundua jambo jingine: gari likiwa hewani, ukivuta triga ya rimoti pua inanyanyuka, ukigusa breki pua inashuka. Kwa giya fupi, yaani pinioni ndogo, mota inaitika haraka, unalirekebisha gari kabla halijagusa chini. Nilimaliza wa pili, na nikaliendesha lilelile jioni nzima.

Ukiagiza, angalia shafti ya mota yako; ya 3500 unayoitaja ni milimita 3.17. Giya kubwa ya 86 ni ya pichi 48 (pichi ni kipimo cha ukubwa wa meno), kwa hiyo pinioni ya pichi 32 haitaingiana nayo hata ikifungika. Chukua ya 15 na ya 17, skrubu yake itie gundi ya nati. Kama zinakuja na ndugu kutoka Maskati na ameongeza betri, mwambie betri azibebe kwenye mkoba wa mkononi na ncha zake azizibe kwa tepu, asiziweke kwenye mzigo wa chini. Betri ya seli 3 ya mAh 5000 ni wati-saa 55.5, ipo ndani ya kiwango cha ndege cha wati-saa 100. Wakati unasubiri, rudi seli 2 na uendeshe tu kwenye udongo mgumu.