Hundi imerudi, kesi iko mahakamani na mnataka kuelewana: yangu iliishaje

Mkuu, umeuliza hivi: hundi uliyomwandikia mtu imerudi benki, ameshitaki, kesi ya jinai imeanza, na sasa yeye mwenyewe yuko tayari mmalizane. Ukimlipa, kesi inakufa? Nimepita hapo nikiwa mshtakiwa. Kinachokufa ni deni. Kesi huzimwa na hakimu tu.

Mimi nilikosea hapo hapo. Nilimwandikia hundi aliyeniuzia bidhaa nikitegemea malipo ya mteja wangu yataingia kabla ya tarehe. Hayakuingia. Baada ya kusomewa mashtaka nilikwenda kwa mlalamikaji na mzee mmoja tunayemheshimu wote, nikalipa taslimu mara mbili hadi deni likaisha. Tukapeana mikono, akaniambia ameridhika, niende zangu. Nikaenda, na tarehe ya kesi sikuhudhuria. Mahakama ikatoa hati ya kunikamata, na shemeji yangu aliyenidhamini akaitwa kujieleza. Mlalamikaji hakuwa na hila yoyote. Naye aliamini yameisha.

Kwa hiyo kwanza jua kesi ni ya nani. Penye mwendesha mashtaka wa serikali, mlalamikaji ni shahidi tu, na kuridhika kwake lazima kufike kwa hakimu. Kenya, kwa mfano, kosa hili liko kifungu cha 316A cha Kanuni ya Adhabu, na kifungu cha 176 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinairuhusu mahakama kuhimiza upatanisho kwa makosa madogo ya mtu na mtu, kisha kuisimamisha au kuimaliza kesi. India ni tofauti: anayedai ndiye anayepeleka malalamiko mahakamani, na kifungu cha 147 cha sheria yao ya hundi kinasema wazi kosa linaweza kumalizwa kwa maelewano. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya huko iliweka gharama kwa wanaochelewa: ilikuwa asilimia 10 ya hundi kesi ikiwa bado mbele ya hakimu lakini hukuomba mapema, na hadi 20 ukisubiri mpaka ufike kwao; mwaka 2025 viwango hivyo vilipunguzwa. Falme za Kiarabu, tangu Januari 2022, hundi iliyokosa salio kwa kawaida haikupeleki tena kwenye jinai. Mwulize wakili wa unakoishi, usinakili ya jirani.

Sasa karatasi yenyewe ya maelewano, maana hapa ndipo watu wanaumia. Ya kwangu ilitaja namba ya hundi, benki, tarehe, kiasi, namba ya kesi, kilicholipwa na kwa njia gani, na kwamba mlalamikaji hana dai jingine lolote kuhusu hundi hiyo. Niliandika nakiri deni. Sikuandika nakiri kosa, kwa sababu mkikwama katikati karatasi hiyo inaweza kukurudia kama ushahidi. Na tafadhali, kama mnalipana kwa awamu, usikubali kuandika hundi mpya kwa kila awamu! Ikirudi moja tu, umejifungulia kesi ya pili. Lipa kupitia akaunti ili benki iwe shahidi wako. Hundi ya awali pia iulizie: kwangu ilikuwa kielelezo ndani ya jalada, tukaomba mahakama iirudishe ifutwe.

Neno la mwisho la hakimu nalo lina uzito. Kuna kuondolewa mashtaka, ambako unaweza kushtakiwa upya, na kuna kuachiwa huru. Kenya, mlalamikaji akiondoa malalamiko yake kwa kifungu cha 204 cha sheria ile ya mwenendo na mahakama ikakubali, unaachiwa huru. Mwendesha mashtaka akiiondoa kwa kifungu cha 87 kabla hujaitwa kujitetea, mlango unabaki wazi. Wakili wako aombe lile linalofunga.

Kama wewe ndiye unayedai, usitie saini kabla pesa haijaonekana kwenye akaunti yako. Dai deni na gharama ulizoingia. Kumtishia mtu jela ili aongeze juu yake ni jambo baya, na linaweza kukugeuza wewe mshtakiwa.

Siku yangu ilipofika, hakimu alimwita mlalamikaji kizimbani akamuuliza kama amelazimishwa na kama amelipwa chote. Akajibu kwa kinywa chake, mwendesha mashtaka hakupinga, jalada likafungwa, shemeji akaondolewa udhamini. Nilidhani nimemaliza. Miezi kadhaa baadaye polisi walinisimamisha kwa ile hati ya zamani, ambayo hakuna aliyewapelekea taarifa kwamba imefutwa. Kilichonitoa ni nakala ya amri yenye muhuri wa mahakama niliyokuwa nayo kwenye begi. Iombe kwa karani siku hiyo hiyo, na nyingine uipeleke mwenyewe kituoni.