Re: Wenzangu wamepunguzwa kiwandani, bosi ananiambia "shikilia kwanza"

Mdogo wangu, weka simu chini kwanza. Usimjibu huyo bosi "sawa mkuu". Nimesoma uzi wote: idara ya matengenezo mmebaki wanne, unatakiwa ubebe na kazi za waliopunguzwa, na kuna mchangiaji hapo juu anakwambia kubali kila kitu kwa sababu "mwenye kazi nyingi hapunguzwi". Hapo ndipo niliposhindwa kunyamaza. Maneno hayohayo nililishwa na mhandisi mmoja mkongwe tuliyemheshimu kama baba. "Ukishika kazi za watu watatu, nani atakugusa?" Walinigusa. Yeye alishastaafu na mafao yake kamili, yupo kwenye kahawa mtaani Shangani, hapa mjini Mtwara, anaendelea kuwashauri watoto wa wenzake.

Nilikuwa kiwanda cha kubangua korosho, hapahapa Mtwara, jina naliacha. Raundi ya kwanza ya kupunguza watu ilipopita, meneja akanikuta koridoni, akanigonga bega: shikilia na boila hadi tuajiri, yaani ule mtambo wa kuchemsha maji yatoe mvuke wa kupikia korosho kabla ya kubanguliwa. Nikaitikia. Hakuna barua, hakuna makabidhiano. Fundi wa boila, mzee wa siku nyingi pale, alirudisha kitambulisho getini mchana uleule na mimi hata kumuaga sikumuaga.

Sasa sikiliza yaliyokuwa kichwani mwa yule mzee. Maji ya kisima chetu yalikuwa na chokaa. Kabla ya kuingia kwenye boila yanapita kwenye tangi lenye punje za kuyalainisha, na punje zikichoka zinasafishwa kwa maji ya chumvi, chumvi hii hii ya magunia. Mzee ndiye aliyekuwa anaomba chumvi stoo, ndiye anayepima maji kwa matone ya dawa, anaandika kwenye daftari lake mwenyewe. Aliondoka nalo, na simlaumu. Stoo hawakupata ombi, hawakununua. Mimi kila nikipita naangalia geji: presha sawa, kina cha maji sawa, naenda zangu kwenye konveya. Kumbe kwenye mabomba kunajengeka ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika la chai. Ukoko ukishakuwa mnene maji hayalipoozi tena bomba. Chuma kinapata moto kupita kiasi, kinavimba, kinapasuka. Kikapasuka msimu umechanganya, korosho za mnada zimejaa ghalani, hakuna mvuke, wabanguaji wamekaa chini ya mwembe wananitazama kama mimi ndiye niliyewanyima mshahara.

Ile barua niliyoikosa siku ya kupewa kazi, siku ya lawama ilichapwa kabla ya saa ya chakula. Onyo la maandishi: uzembe, msimamizi wa boila. Ghafla nina cheo! Raundi ya pili ilipokuja, kigezo kimojawapo kilikuwa rekodi ya nidhamu, nikapunguzwa. Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, na hesabu inaishia miaka 10. Ile "posho ya majukumu" niliyokuwa naichekelea kila mwisho wa mwezi haikuwa mshahara wa msingi, kwa hiyo haikuhesabiwa. Siku hizi nauza vipuri vya bodaboda. Hakuna wa kunipunguza ila mke wangu, na onyo la mdomo ninalo tayari.

Kazi ya aliyeondoka usiipokee kwa mdomo. Hilo tu, mengine yote utajifunza mbele ya safari. Akikwambia koridoni, itikia kwa adabu, rudi mezani, mwandikie: "Mkuu, kama tulivyoongea leo, nitashika ukaguzi wa mota na paneli za umeme. Ili niweze, mradi wa laini mpya utasimama hadi mtu apatikane. Naomba fundi anayeondoka anikabidhi kwa maandishi. Kama sikuelewa sawasawa, naomba unirekebishe." Huo si ujeuri. Akinyamaza, tarehe inabaki. Akitaka ushike vyote bila kuacha kitu, na aandike yeye.

Wakikubembeleza kwa ukaimu meneja, soma kwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema ovataimu isizidi saa 50 kwa wiki nne, na ilipwe angalau mara moja na nusu. Lakini anayesimamia wenzake na kuripoti moja kwa moja kwa wakubwa wa juu hahusiki na kifungu hicho. Utakuwa bosi wa usiku kucha, bure.

Lile swali lako la kwenda kusoma Masters, shahada ya uzamili, sijui; wasomi watakujibu.

Umesema fundi wenu wa umeme anaondoka Ijumaa. Kesho mtoe mkale wali na pweza, ulipe wewe. Usimuulize anafanya kazi gani, hiyo atakutajia ya kwenye mkataba. Muulize: ukiwa likizo, huwa wanakupigia simu kuhusu nini? Na nenda na daftari.